Kope nzito, mifuko na weusi chini ya macho: operesheni inatibu kipi, na kipi haigusi

Swali: "Daktari, habari za kazi. Nina miaka 51, ni mwalimu, naishi Tanga. Kope zangu za juu zimeshuka, jioni nahisi uzito mpaka nainua nyusi ndipo nisome vizuri. Chini ya macho nina mifuko na weusi, watu wananiuliza kama nimelia. Nilipaka mkorogo niliochanganyiwa dukani kwa miezi kama minane. Mwanzoni paling'aa, sasa pamekuwa peusi kuliko zamani na panawasha. Mdogo wangu aliyeko Muscat ananiambia huko operesheni ya kope ni nusu saa na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo, niende tu. Nina presha na ninameza dawa, pamoja na aspirini ndogo kila siku. Kifuani nina kovu la keloidi. Je, nikifanya operesheni weusi utaisha? Kovu litavimba? Naweza kupofuka?"

Jibu: Dada yangu, mambo uliyoyaleta pamoja hayatoki mahali pamoja. Kope nzito, mifuko na weusi vina vyanzo tofauti, na kisu hakivigusi vyote. Nikupe jibu fupi kwanza ili usikae na wasiwasi: operesheni inaweza kupunguza ngozi iliyozidi juu na mafuta yaliyochomoza chini. Weusi wa rangi ya ngozi yenyewe haitauondoa. Na kwa hali uliyonieleza, huu si wakati wa kukata. Ngozi yako inatakiwa ipone mkorogo kwanza, na macho yako yapimwe kabla hata hujakata tiketi ya Muscat.

Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, karibu nusu milimita au pungufu. Chini yake kuna msuli wa mviringo unaofumba jicho. Nyuma ya msuli huo kuna utando mwembamba, na nyuma ya utando ndipo yalipo mafuta yanayolikinga jicho ndani ya tundu lake: vifuko viwili juu, vitatu chini. Kope ya juu ina kitu cha ziada, msuli wa kuinua, ambao umejishika kwenye kope kwa ukano mpana. Miaka inavyokwenda ngozi hulegea, utando hudhoofika na mafuta husogea mbele, ukano wa msuli wa kuinua hutanuka, na nyusi nazo hushuka. Kila kimoja kati ya hivyo humfanya mtu aonekane amechoka au amelia, lakini kila kimoja kina tiba yake. Mtu akiondolewa ngozi wakati tatizo lake ni msuli, atabaki na kope iliyoshuka vilevile, na kovu juu yake.

Unaweza kuanza kujipima mwenyewe asubuhi, mbele ya kioo, ukiwa umeelekea dirishani. Tazama mbele, funga macho taratibu, kisha bonyeza nyusi zote mbili kwa vidole ili zisipande, halafu fumbua. Angalia ukingo wa kope, pale nywele zake zinapoota. Kwa kawaida ukingo huo hufunika milimita 1 hadi 2 tu za sehemu ya juu ya lile duara la rangi la jicho. Ukiwa umeteremka mpaka karibu na mboni au kuifunika, basi msuli wa kuinua umelegea. Ukingo ukiwa mahali pake lakini kuna mkunjo wa ngozi unaoning'inia juu ya nywele za kope, hapo ni ngozi. Sasa inua unyusi kwa kidole mpaka ulipokuwa ujanani, yaani juu kidogo ya mfupa. Mkunjo ukitoweka, mshtakiwa mkuu ni unyusi. Watu wengi wa umri wako wana mchanganyiko.

Unaposema unainua nyusi ili usome, unanieleza kwamba msuli wa paji la uso unafanya kazi ya kope kutwa nzima. Ndiyo sababu jioni kunakuwa na uzito, na pengine kichwa kinauma kwa mbele. Daktari asiyeliona hili akakata ngozi ya kope peke yake, paji litapumzika baada ya operesheni, nyusi zitashuka, na wewe utashangaa kwa nini macho hayakufunguka kama ulivyoahidiwa.

Uzito wa jioni una sababu nyingine ambayo lazima iondolewe shaka. Kuna ugonjwa wa misuli kuchoka, maiasthenia, ambao kope huwa nzuri asubuhi na kuporomoka kadiri siku inavyokwenda, wakati mwingine pamoja na kuona vitu viwili viwili au kupata shida ya kumeza. Daktari wa macho atakuomba utazame juu bila kushusha macho kwa dakika moja au mbili aone kama kope inateremka, au ataweka barafu iliyofungwa kitambaa juu ya kope kwa dakika 2 aone kama inapanda. Ni vipimo vya bei ndogo, na huo si ugonjwa wa kutibiwa kwa kupunguza ngozi.

Mifuko ya chini nayo ni ya aina mbili. Tazama kioo, kichwa kikiwa kimetulia, inua macho juu. Mifuko ikitokeza zaidi, hayo ni mafuta yaliyosukumwa mbele, na yapo kutwa nzima. Ikiwa mikubwa unapoamka halafu saa sita mchana imepungua, hayo ni maji: chumvi nyingi usiku, kulala kifudifudi, mzio. Hapo operesheni haikusaidii. Na kwa mwenye presha, uvimbe wa macho wa kila asubuhi ni sababu ya kupima mkojo kuona kama una protini, na damu kuona kazi ya figo. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi, nayo huvimbisha kope. Vipimo hivi vifanyike kabla ya mazungumzo yoyote ya upasuaji.

Tuje kwenye weusi, maana hapa ndipo watu wanapopoteza pesa nyingi. Weusi chini ya macho unaweza kuwa rangi iliyozidi ndani ya ngozi, unaweza kuwa mishipa ya damu inayoonekana kupitia ngozi nyembamba, au unaweza kuwa kivuli tu cha mfuko kinachoangukia bonde lililo chini yake. Simama ukielekea mwanga wa mbele: weusi ukipungua sana, kilikuwa kivuli. Vuta ngozi taratibu kuelekea sikioni: ukibaki na rangi ile ile ni rangi ya ngozi, ukigeuka zambarau ni mishipa. Kivuli cha mfuko wa mafuta ndicho peke yake ambacho operesheni inaweza kukipunguza. Rangi haiondolewi na kisu, na kwa ngozi yetu yenye rangi nyingi, kila kinachoikera huifanya imwage rangi zaidi. Kusugua kwa leso, mzio usiotibiwa, krimu kali, vyote huishia kwenye weusi.

Mkorogo wako umeikera ngozi kwa njia zaidi ya moja. Mara nyingi ndani yake mna steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) ya aina ya clobetasol au betamethasone, haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), na wakati mwingine zebaki. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi Tanzania na Kenya, lakini kilichochanganywa kwenye kopo lisilo na lebo hakimwambii mtu kina nini. Steroidi hung'arisha na kutuliza kwa wiki chache, huku ikiikondesha ngozi ambayo tayari ni nyembamba. Ukiacha, ngozi hulipuka: huwaka, huwasha, hubadilika rangi. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha weusi wa kibluu uliozama ndani, ambao ni mgumu sana kuuondoa. Zebaki huharibu figo. Lakini linalonitia wasiwasi zaidi ni hili: steroidi inayopakwa karibu na jicho kwa miezi inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho bila maumivu yoyote, na inaweza kuharakisha mtoto wa jicho. Hiyo ndiyo njia ya upofu iliyo karibu nawe zaidi kuliko operesheni. Nenda upimwe presha ya macho wiki hii au ijayo, hata kama unaona vizuri.

Acha mkorogo leo, ila usilitupe kopo. Lipeleke kwa daktari wa ngozi. Panaweza kuwaka na kuwa wekundu kwa wiki kadhaa, na kishawishi kitakuwa kupaka tena "kidogo tu" ili patulie. Usirudie. Daktari anaweza kukupa steroidi nyepesi ya kuiachisha ngozi taratibu au dawa ya kutuliza isiyo na steroidi. Kwa kipindi hicho osha kwa maji na sabuni laini isiyo na manukato, kausha kwa kugusa bila kufuta, na usiku paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kiasi cha punje moja ya mchele kwa macho yote mawili, ukifuata mfupa wa chini ya jicho. Usipake kwenye ukingo wa kope.

Mchana, jua la pwani halina huruma kwa ngozi iliyojeruhiwa. Tumia krimu ya kuzuia jua yenye zinki oksaidi, SPF 30 au zaidi, na ukipata yenye rangi ya kahawia ni bora, kwa sababu oksaidi za chuma zinazoipa rangi huzuia pia mwanga wa kawaida, ambao kwa ngozi nyeusi huchochea weusi. Ongeza miwani ya jua yenye alama ya UV400. Ngozi ikishatulia ndipo daktari anaweza kukuanzishia dawa ya kupaka ya kufifisha weusi: retinoli ya nguvu ndogo usiku mbili kwa wiki, au asidi ya azelaiki. Usihukumu matokeo kabla ya wiki 12.

Kuwashwa kwako kunaweza pia kutoka mahali usipopafikiria. Kope hupata mzio wa vitu vilivyo mikononi na kichwani: rangi ya kucha na jeli za kucha za bandia, gundi ya kope za bandia, dawa ya nywele, na piko inayopakwa kwenye nyusi. Vidole havidhuriki, kope ndiyo inayovimba, kwa sababu ngozi yake ni nyembamba na mikono huigusa mara nyingi kwa siku. Wanja wa manga wa jiwe nao unaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na kuuzwa sokoni miaka mingi hakuufanyi salama. Weka vyote pembeni kwa mwezi mmoja uone.

Tuseme sasa miezi imepita, ngozi imetulia, mimi ningependa iwe angalau miezi 3 bila muwasho, na vipimo ni vizuri. Operesheni yenyewe ikoje? Kwa kope ya juu, daktari huchora ukiwa umekaa, si umelala, kwa sababu ukilala ngozi husogea. Mstari wa chini hufuata mkunjo wa asili, kwa wanawake kwa kawaida milimita 8 hadi 10 juu ya nywele za kope, au chini kidogo ya hapo kulingana na jicho lako. Ngozi inayozidi hupimwa kwa kubanwa kwa kibano. Halafu anapima kitakachobaki, na hapa ndipo ubora wa daktari ulipo. Kati ya unyusi na nywele za kope panatakiwa kubaki takriban milimita 20 za ngozi. Pakibaki pungufu sana, jicho halifumbi usiku, kioo cha jicho (sehemu yake ang'avu ya mbele) hukauka na kuchubuka, na kuongeza ngozi iliyokwisha kutupwa ni kazi ngumu yenye matokeo ya wastani. Daktari anayesema atakuachia kidogo kilichozidi ni wa kumwamini kuliko anayekuahidi kope tupu.

Baada ya hapo ni sindano ya ganzi ya lidokeni yenye adrenalini ya kupunguza damu, kusubiri kama dakika 10, kuondoa ngozi, pengine mafuta kidogo ya pembe ya ndani, na kushona kwa uzi mwembamba unaotolewa siku ya 5 hadi 7. Kope zote mbili huchukua kama saa moja, kwa hiyo nusu saa ya mdogo wako ni hesabu ya haraka mno. Kope ya chini ni kazi ngumu zaidi. Kama una mafuta tu na ngozi haijalegea, njia nzuri ni kuingia kwa ndani ya kope, bila kovu la nje. Ukikatwa kwa nje na kope ya chini ikiwa legevu, inaweza kuvutwa chini ikaacha weupe wa jicho wazi na machozi yakitiririka. Kabla ya hapo daktari anatakiwa kuivuta kope yako mbele na kuiachia aone inarudi upesi kiasi gani. Na mafuta yasiondolewe yote. Baada ya miaka kadhaa jicho lililokaushwa mafuta hutumbukia ndani na kumzeesha mtu kuliko mifuko aliyokuwa nayo.

Keloidi: hapa nina habari njema. Kifua, mabega na masikio ndiyo makao yake. Kwenye ngozi ya kope ni nadra sana, hata kwa mtu mwenye keloidi kwingineko. Tahadhari ni kwamba mkato ukirefushwa kupita pembe ya nje ya jicho kuelekea kwenye panja, unaingia kwenye ngozi nene. Mwonyeshe daktari kovu la kifuani, umwombe mkato uishie ndani ya mpaka wa kope. Mstari unaweza kuwa mweusi kwa miezi kadhaa kisha ukafifia.

Kupofuka kunawezekana, na haifai daktari akufiche. Chanzo kikubwa ni damu kuvuja nyuma ya jicho na kuubana mshipa wa fahamu. Uvujaji wa namna hiyo umekadiriwa kutokea takriban mara 1 katika operesheni 2,000, na wanaopoteza kabisa uwezo wa kuona kwa kudumu ni wachache zaidi, takriban 1 kati ya 22,000. Hatari hiyo inapanda kwa mwenye presha isiyotulia na anayetumia dawa za kulainisha damu. Wewe una presha na unameza aspirini, ndiyo maana nakusisitiza. Dawa za presha usiache hata siku ya operesheni, na ikiwa juu ya 140/90 ni heri kuahirisha. Aspirini athari yake kwenye chembe za kugandisha damu hudumu siku 7 hadi 10, kwa hiyo kuiacha jana yake hakusaidii kitu. Lakini usiiache kwa uamuzi wako. Kama uliandikiwa baada ya kiharusi au tatizo la moyo, kuiacha kunaweza kukudhuru kuliko mifuko ya macho. Aliyekuandikia ndiye aseme. Ibuprofeni, diklofenaki, vidonge vya kitunguu saumu na vya mafuta ya samaki navyo vitajwe vyote kwa daktari. Maumivu baada ya operesheni hutulizwa kwa parasetamoli.

Siku mbili za kwanza weka kitambaa kilichofungwa barafu dakika 10 hadi 15 kwa kila saa unapokuwa macho, lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili au mitatu, tumia machozi ya bandia na mafuta ya dawa uliyopewa. Kwa wiki mbili usiiname, usibebe ndoo, usikae kwenye moshi wa mkaa. Kama unaswali, swali ukiwa umekaa kitini bila kusujudu sakafuni, maana kichwa kikishuka chini ya moyo damu hujaa usoni. Kuhusu kuosha uso kwa udhu wakati nyuzi zipo, muulize shekhe wako mapema. Michubuko hukaa wiki moja hadi mbili, wanja na vipodozi husubiri wiki mbili, na sura yenyewe hutulia baada ya miezi 3. Mwalimu apange likizo ya wiki mbili.

Kwa hiyo Muscat si mahali pabaya, ila ukienda usirudi siku ya tatu. Kaa angalau siku 10, nyuzi zitolewe na aliyeshona, na uondoke na maandishi ya alichofanya ili daktari wa Tanga akusaidie likitokea jambo. Muulize: anapima ukavu wa jicho kabla? Nani nampigia saa nane usiku? Nyumbani pia uwezo upo. Idara za macho za hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi na Muhimbili ya Dar es Salaam zina mabingwa, na upasuaji wa kope si mgeni kwetu, kwani kusawazisha kope zilizogeukia ndani kwa wagonjwa wa trakoma (ugonjwa wa macho wa kuambukiza) kumefanyika kwa miaka mingi. Huo ni upasuaji wa aina nyingine, kwa hiyo mwulize bingwa hasa anafanya huu wa kupunguza ngozi mara ngapi kwa mwezi. Kope ikiziba uwezo wa kuona, omba kipimo cha upana wa kuona kiandikwe kwenye faili lako, kwa sababu bima nyingi hazilipii urembo lakini ugonjwa zinaweza kuufikiria.

Utaambiwa pia kuna njia zisizo na kisu. Sindano za kujaza bonde la chini ya jicho husaidia baadhi ya watu, lakini zikiingia kwenye mshipa zinaweza kupofusha ghafla, hivyo si za saluni kamwe. Kalamu za plazma za kuunguza ngozi kwa vidoti usizikaribie: kwa ngozi nyeusi zinaacha madoa, nawe tayari una ngozi iliyochokozwa.

Usisubiri miadi kama kope moja imeshuka ghafla, hasa ikiambatana na maumivu ya kichwa, kuona viwili au mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Vilevile baada ya operesheni, ukipata maumivu makali ya jicho moja, kope kuvimba upesi na kuwa ngumu, jicho kusukumwa mbele au kuona kufifia, hospitali ni sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane, na mwambie atakayekupokea kwamba umefanyiwa kope. Hapo daktari huweza kufungua nyuzi palepale ili damu itoke, na kila dakika ina uzito.

Anza na presha ya macho na kipimo cha mkojo, kopo la mkorogo likiwa mkobani pamoja na vidonge vyako vyote.